Lotte Reiniger: mwanamke aliyetengeneza katuni kwa makasi na kartoni nyeusi

Walt Disney alipotoa Snow White, sinema yake ndefu ya kwanza ya katuni, mwishoni mwa mwaka 1937, mwanamke mmoja wa Berlin, Ujerumani, alikuwa ameshatoa ya kwake miaka 11 kabla. Hakuwa na kiwanda wala mamia ya wachoraji. Alikuwa na makasi, kartoni nyeusi, vipande vya waya, meza ya kioo yenye taa chini yake, mume wa kushika kamera, na wasaidizi wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jina lake ni Lotte Reiniger.

Jina hilo si maarufu kwetu Kongo. Watoto wa miji yetu wanakutana na katuni kwenye simu ya mama au televisheni ya jirani. Wanakaa, wanatazama, betri inaisha, na mambo yanaishia hapo. Maisha ya Reiniger yanahusu upande mwingine wa katuni: upande wa mtoto anayeikata, anayeifunga viungo na kuitembeza yeye mwenyewe.

Alizaliwa Juni 2, 1899, huko Charlottenburg, ambao wakati ule ulikuwa mji wa pekee kando ya Berlin. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Kukata picha za kivuli kwa makasi ilikuwa kazi ya mikono ya kawaida kwa Wajerumani wa enzi hizo: watu walikata sura za jamaa zao, maua, farasi, makanisa. Watoto wengi walijifunza, wakakua, wakaacha. Lotte hakuacha. Akiwa bado msichana mdogo alijitengenezea nyumbani jukwaa la vivuli na kuwachezea wazazi na marafiki hadithi alizozipenda. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakukumbuka kujifunza kukata. Kwake ilikuwa kama kutembea.

Panya waliogoma

Mwaka 1915, akiwa kijana, alimsikia mwigizaji na mtengeneza sinema Paul Wegener akizungumzia mambo ya ajabu ambayo kamera inaweza kufanya. Kuanzia siku hiyo hakutaka kitu kingine. Aliwashawishi wazazi wamwandikishe katika shule ya maigizo ya Max Reinhardt, ambako Wegener alikuwa karibu. Lakini msichana wa umri ule hakuwa na mlango wa kuingilia. Kwa hiyo alifanya alichokijua: alikaa nyuma ya jukwaa na kuwakata waigizaji kwenye karatasi, kila mmoja na pua yake, tumbo lake na namna yake ya kusimama. Waigizaji ni watu wanaopenda kujiona. Wegener naye aliona, akampa kazi ya kutengeneza mapambo ya maandishi ya sinema zake, maana sinema za wakati ule hazikuwa na sauti.

Mwaka 1918 Wegener alikuwa anatengeneza sinema ya mpiga filimbi wa Hameln, yule wa hadithi ya zamani anayeondoa panya mjini kwa muziki wake. Wanyama wa kweli hawakukubali kufuata maelekezo. Ikabidi kuchonga panya wa mbao, kuwasogeza kidogo, kupiga picha, kuwasogeza tena, kupiga tena. Lotte, ambaye hakuwa amefika miaka 20, alikuwa kati ya waliofanya kazi hiyo. Hapo ndipo alipoona kwamba kitu kisicho na uhai kinaweza kutembea ikiwa mtu ana uvumilivu wa kutosha.

Mwaka uliofuata alijiunga na kundi la vijana wa Berlin waliokuwa wanafanya majaribio ya sinema, akatengeneza filamu yake fupi ya kwanza ya vivuli. Katika kundi hilo alikutana na Carl Koch, msomi aliyependa kamera. Walioana mwaka 1921, na kwa miaka zaidi ya 40 Koch alikuwa mtu wa kamera, mpangaji na mtunza hesabu wa kazi za mke wake. Ndoa nyingi za wasanii zinakwenda kinyume cha hapo.

Ghorofa juu ya gereji

Wasomaji waliokuwa watu wazima nchini Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa maana ya pesa inayooza mfukoni. Ujerumani ya 1923 ilikuwa hivyo na zaidi. Mwenye benki mmoja wa Berlin, Louis Hagen, alikuwa amenunua shehena ya filamu mbichi za kamera, akitumaini kwamba bidhaa itashika thamani kuliko noti. Hesabu yake haikutoka alivyotaka, akabaki na filamu. Alikuwa ameona kazi za Lotte, akamuuliza kama anaweza kutengeneza sinema ndefu kwa filamu hizo.

Lilikuwa swali la kuchekesha. Katuni za siku hizo zilikuwa vichekesho vya dakika chache, vinavyooneshwa kabla ya sinema yenyewe. Hakuna aliyeamini kwamba watu wazima na watoto wangekaa zaidi ya saa moja wakitazama vikaragosi vya karatasi. Lotte alikubali. Hagen aliwapa nafasi juu ya gereji kwenye makazi yake Potsdam, karibu na Berlin, na kuanzia 1923 hadi 1926 yeye, Koch na wasaidizi wachache walijifungia humo.

Kazi ilikwenda hivi. Kila mhusika alikatwa katika kartoni nyeusi na mabati membamba ya risasi, madini yale laini yanayopindika kwa mkono, ili alale vizuri mezani. Kichwa peke yake, shingo peke yake, mkono vipande viwili au vitatu, vidole mara nyingine, kisha vyote vikaunganishwa kwa waya. Kikaragosi kililazwa juu ya kioo chenye mwanga kutoka chini, na kamera ikaning'inia juu. Lotte alisogeza mkono nafasi ndogo isiyoonekana kwa urahisi, Koch akapiga picha moja. Sekunde moja ya sinema ilihitaji picha 24. Anayetaka kujua uvumilivu ni nini azidishe 24 kwa sekunde za sinema ya zaidi ya dakika 60. Mhusika alipotakiwa kuonekana kwa karibu, Lotte alikata upya kichwa na mabega makubwa. Farasi alipotakiwa kukimbia, ilibidi kwanza aende kuwatazama wanyama wanavyotupa miguu.

Ili mandhari iwe na umbali, waliweka vioo kadhaa kimoja juu ya kingine, milima kwenye kimoja, mawingu kwenye kingine, wahusika kwenye kingine. Mbinu ya aina hiyo ndiyo iliyoisifisha studio ya Disney miaka ya 1930, ikiwa na mashine kubwa na pesa nyingi.

Sinema iliitwa Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya Mwana wa Mfalme Ahmed. Hadithi zake zimetoka katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wana chao tangu zamani: farasi anayeruka, Aladini na taa, binti Pari Banu, mashetani na visiwa vya mbali. Mtazamaji wa Kongo akiitafuta leo ataona na jambo la kumchoma: mwovu mkubwa wa hadithi anaitwa mchawi wa Kiafrika. Katika hadithi yenyewe ya Aladini mchawi anatoka Maghreb, na Reiniger aliichukua kama alivyoikuta, bila kujiuliza, kama Wazungu wengi wa enzi yake. Mzazi anayewaonesha watoto wake sinema hii ana haki ya kusimamisha hapo na kuzungumza nao.

Sinema ilipomalizika, wenye kumbi waliikwepa. Haikufanana na kitu chochote walichowahi kuuza. Ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Mei 2, 1926, katika ukumbi wa maigizo wa Volksbühne mjini Berlin, mchana, kwa mwaliko. Ukumbi ulijaa. Miezi michache baadaye ilikuwa Paris, ambako Lotte na Koch walipata rafiki wa maisha, mtengeneza sinema Jean Renoir. Sinema moja ndefu ya katuni ya Argentina ya mwaka 1917 inajulikana kuwa ilitangulia, lakini hakuna nakala yake iliyobaki. Kwa hiyo hii ya Reiniger ndiyo ndefu ya zamani kuliko zote ambayo binadamu bado anaweza kuitazama.

Miaka ya kubisha hodi

Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, Lotte na Koch, ambao hawakuwapenda na walikuwa na marafiki wengi Wayahudi, walitaka kuondoka. Hakuna nchi iliyowapa kibali cha kukaa moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa waliishi kwa viza za muda, Ufaransa kidogo, Uingereza kidogo, kila mara karatasi zikiisha wakihama tena, jambo ambalo watu wengi wa mashariki mwa nchi yetu wanalielewa bila tafsiri. Njiani aliendelea kukata. Uingereza alitengeneza filamu fupi kwa idara ya posta. Ufaransa alikata jukwaa la vivuli linaloonekana ndani ya La Marseillaise, sinema ya Renoir ya mwaka 1938. Vita vilipoanza walikuwa Italia, wakifanya kazi na Renoir, baadaye na Luchino Visconti.

Kisha alirudi Berlin, mwaka 1944, katikati ya mabomu. Sababu ilikuwa mama yake, mzee na mgonjwa, asiye na mtu mwingine. Akiwa humo, chini ya serikali aliyoikimbia, alifanya kazi ya filamu ya hadithi ya bata wa dhahabu. Kuna wanaomlaumu. Mimi nasita kumlaumu mtoto aliyerudi kwa mama yake, ingawa ni kweli pia kwamba wengine walikataa kazi zote. Mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza filamu mama ya Prinzen Achmed. Kazi ya miaka mitatu juu ya gereji ingekuwa imepotea kabisa kama nakala zisingekuwa zimetawanyika nje ya nchi. Nakala yenye rangi iliyohifadhiwa London ndiyo iliyosaidia wataalamu wa Frankfurt kuirudisha sinema katika hali yake, miaka ya mwisho ya 1990.

Mtoto wa mwenye gereji

Mwaka 1949 Lotte na Koch walihamia London. Alikuwa na miaka 50, mgeni, na sanaa yake ilikuwa imeanza kuonekana ya kizamani. Aliyemfungulia mlango ni mtu aliyemfahamu tangu akiwa mtoto.

Louis Hagen, yule mwenye benki, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye jina kama lake. Mtoto huyo, aliyezaliwa mwaka 1916, alikuwa na miaka saba hivi wakati kazi inaanza, na alikua akiona vikaragosi vikipata uhai juu ya gereji ya baba yake. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Akiwa kijana, Wanazi walimfunga katika kambi kwa sababu ya mzaha alioandika kwenye kadi ya posta. Alitoka, akakimbilia Uingereza, akapigana vita upande wa Waingereza. Baada ya vita akaanzisha kampuni ndogo ya sinema, Primrose Productions, na aliyemtafuta wa kuifanyia kazi ni tanti wa makasi.

Kati ya 1953 na 1955 Lotte alitengeneza filamu fupi kumi na zaidi kwa ajili ya televisheni, za dakika kumi hivi kila moja: Cinderella, Paka mwenye viatu, Hansel na Gretel, Thumbelina, Panzi na Siafu, Aladini. Moja kati yao, ile ya fundi cherehani mdogo mwenye moyo, ilipata tuzo huko Venice mwaka 1955. Kwa watoto wengi wa Uingereza na Marekani wa miaka hiyo, vivuli vyake ndivyo vilivyokuwa katuni za nyumbani.

Ukizitazama leo utaona kwa nini mtoto mdogo anazishika haraka. Kivuli hakina macho, hakina tabasamu, hakina rangi ya ngozi. Kila kitu lazima kisemwe na umbo la nje: pua, kidevu, mgongo ulioinama, vidole. Mtoto wa miaka minne anajifunza kusoma mwili kabla ya kusoma herufi.

Kitabu cha 1970

Koch alifariki mwaka 1963. Lotte hakutengeneza sinema kwa miaka mingi. Waliomfahamu walidhani amemaliza. Badala yake aliandika. Mwaka 1970 kilitoka London kitabu chake, Shadow Theatres and Shadow Films, na humo aliweka mezani kila alichokijua: historia ya vivuli vya China, vya Java, vya Karagöz wa Uturuki (msomaji atalisikia neno letu kikaragosi ndani ya jina hilo), halafu namna ya kukata, kufunga viungo, kujenga jukwaa na kupiga picha. Mafundi wengi wanazeeka na siri zao. Huyu alitoa vipimo.

Njia yenyewe inaweza kufanywa na mwalimu yeyote wa watoto wadogo, kwa kartoni ya boksi la sabuni au biskuti. Mhusika anachorwa upande mmoja wa uso, kamwe si kwa mbele, kwa sababu kivuli cha uso wa mbele ni duara tu kama viazi. Kwa watoto wa miaka mitatu au minne kipande kimoja kinatosha, kikibandikwa kwenye kijiti. Hata kuchana kwa vidole badala ya makasi kunatoa mbuzi au kuku mzuri. Kwa miaka mitano na sita, tenganisha kichwa, kifua, mikono na miguu. Acha kila kipande kiwe kirefu kidogo pale kinapokutana na kingine, viweke kimoja juu ya kingine, toboa tundu moja kupitia vyote viwili, pitisha uzi na ufunge fundo pande zote mbili. Fundo likikaza sana mkono hautembei, likilegea sana unaning'inia kama wa mlevi, na watoto watapenda zaidi huo wa mlevi.

Shuka jeupe jepesi linatosha kuwa kioo cha sinema, au karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Taa inakaa nyuma, vikaragosi kati. Tumieni tochi, si mshumaa: karatasi, shuka, moto na watoto ishirini si vitu vya kuweka pamoja. Kikaragosi kikigusa shuka kivuli kinakuwa kikali na kidogo. Kikisogea kwenye taa kinakuwa jitu, na mipaka inafifia. Mtoto atagundua mwenyewe baada ya dakika mbili, bila somo la fizikia. Atataja viungo vya mwili kwa sababu anavihitaji, atahesabu miguu ya ng'ombe kwa sababu mmoja umebaki mezani, na atabishana na mwenzake nani anaingia kwanza katika hadithi. Mambo hayo ndiyo mwalimu anayoyatafuta mwaka mzima.

Na kama kuna simu, ile ile ya kutazamia katuni, watoto wakubwa kidogo wanaweza kufanya alichofanya Lotte. Simu inafungwa juu ya meza ikitazama chini, kikaragosi kinasogezwa, picha inapigwa. Si lazima picha 24 kwa sekunde. Nane zinatosha kumfanya kuku wa kartoni avuke barabara.

Miaka ya mwisho

Kitabu kilimrudisha kwa watu. Ujerumani ilimpa tuzo ya heshima ya sinema mwaka 1972, akaanza kualikwa huku na huko kuonesha filamu zake na kukata mbele ya wageni, makasi yakiwa yametulia na karatasi ndiyo ikizunguka. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Canada, na huko, akiwa anakaribia miaka 80, alitengeneza filamu mbili zaidi: Aucassin and Nicolette, kisha The Rose and the Ring iliyotoka mwaka 1979. Mwaka huo huo Ujerumani ilimpa nishani ya taifa.

Mwaka 1980 alihamia Dettenhausen, kijiji cha kusini mwa Ujerumani, kuishi na familia ya marafiki. Hapo ndipo alipofariki, Juni 19, 1981, akiwa na miaka 82. Vikaragosi vyake, michoro na karatasi alizozikata vimewekwa katika jumba la makumbusho la Tübingen, mji wa jirani.